Chapo yako ya Kangemi inaanza kuungua shambani

Ukishuka Kangemi jioni, utapata foleni ya chapo imeshinda ya matatu. Kawangware ni hivyo hivyo, na katikati ya jiji wa ofisini na wa mkokoteni hukutana kwa chapo madondo. Chapo ikianza kuwa nyembamba, unamlaumu mama wa kibanda. Mwache huyo mama. Angalia shamba.

Ngano hupenda baridi, ndiyo maana utaiona Narok, Njoro, Timau na Uasin Gishu. Siku zake za hatari ni baada ya kuchanua, punje zinapojaa. Joto likizidi hapo, mmea unakomaa mbio mbio, wanga haupati muda wa kuingia, na punje zinasinyaa. Mkulima anavuna kidogo, kisha anapunjwa bei, maana punje nyembamba ina pumba nyingi na unga kidogo. Ajabu ni kwamba kiwango cha protini kinaweza hata kupanda kwa kuwa wanga umepungua, lakini gluteni, ile inayofanya donge livutike, mara nyingi hudhoofika. Waliowahi kusukuma chapati inayokatika wanaelewa.

Watafiti walikadiria mwaka 2015 kwamba joto likipanda kwa nyuzi 1, mavuno ya ngano duniani hupungua kwa takriban asilimia 6.

Utasema, si tuagize tu? Tayari ngano nyingi tunayokula hapa Kenya inatoka nje. Na Mei 2022, baada ya joto kali la Machi kuharibu mazao, India ilipiga marufuku kuuza ngano nje, wakati ambapo vita vya Ukraine vilikuwa vimeshabana meli za Bahari Nyeusi. Hivyo basi, kutegemea meli pekee ni kucheza kamari na chakula cha wasee wote wa mtaa.

Kituo cha KALRO cha Njoro kinajulikana duniani kwa kupima mbegu dhidi ya kutu ya shina, ule ugonjwa wa Ug99 uliotambuliwa Uganda miaka ya mwisho ya tisini. Wataalamu tunao. Nataka pesa na bidii hiyo hiyo ielekezwe kwa mbegu zinazostahimili joto, na zimfikie mkulima mdogo wa Narok, si wenye maelfu ya ekari peke yao.

Mwaka 2027 watakuja mtaani na hadithi za unga, wakimaanisha mahindi. Waulize Njoro imetengewa shilingi ngapi.