Sudd na Hesabu za Hasara

Tangu zama za Waingereza, wahandisi waliotumwa kuuchunguza Mto Naili waliuona ukiingia katika kinamasi cha Sudd, katika nchi iitwayo leo Sudani Kusini, na ukitoka upande wa pili umepungukiwa na takriban nusu ya maji yake. Na ile nusu iliyokwenda hewani wakaiandika katika safu ya hasara. Hesabu hiyo ndiyo iliyozaa mfereji wa Jonglei, uliokusudiwa kuyapitisha maji kando ya kinamasi, kutoka Bor hadi penye mlango wa mto Sobat, mwendo wa kilomita 360, na faida yake igawanywe baina ya Misri na serikali ya Khartoum.

Kazi ilianza mwaka 1978, na baada ya kuchimbwa kiasi cha kilomita 260 ikasimama, kwani vita viliripuka mwaka 1983 na wapiganaji wa kusini wakaishambulia kambi ya wachimbaji. (Kiongozi wao, John Garang, alikuwa ameandika tasnifu yake ya udaktari juu ya mradi huo huo, basi asiambiwe mtu kwamba waliupinga kwa ujinga.) Mtambo wa kuchimbia, wenye gurudumu kubwa lililozungukwa na ndoo za chuma, ungali pale ulipozimwa, unaliwa na kutu, na handaki limewakatia ng'ombe na nyamera njia zao za tangu jadi.

Mimi nasema maji yale hayapotei, ila kwa mtu aliyesimama Kairo akiyangojea. Mto ukifurika hufunika mbuga pana kandokando ya mafunjo, na unapojikusanya kiangazi huacha majani mabichi wakati ambapo nyanda za juu zimekauka kabisa. Ndipo Wadinka na Wanuer wateremshapo mifugo, wakawasha samadi jioni ili moshi ufukuze mbu, wakajipaka majivu yake mwilini, na samaki waliosalia vidimbwini wakachomwa kwa mikuki. Pasipo gharika hapana malisho, na pasipo malisho sijui hao watu wataambiwa waende wapi.

Wapo Juba wanaoutaka mfereji ufufuliwe, nao hoja yao siibezi: tangu mwaka 2019 mafuriko yamezamisha vijiji na kuuzingira mji wa Bentiu, ambao umesalimika kwa matuta ya udongo tu. Lakini tuta humkinga mtu palipo nyumba yake, ilhali mfereji huchukua maji mwaka wa gharika na mwaka wa ukame sawasawa, na aliye mwisho wake hatakubali kuufunga siku ambayo Bor itakuwa na kiu. Fedha za mtambo mpya na zijenge matuta.

Wala jambo hili si la wenzetu peke yao, maadamu Sudani Kusini imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2016, na maji yafikayo kwao yametoka katika ziwa letu la Viktoria. Mwaka 1974 watu wa Juba waliingia barabarani kuupinga mradi ulioamuliwa bila ya wao, na damu ikamwagika. Safari hii waulizwe kwanza wenye ng'ombe na wavuvi, kwa lugha zao, kabla ya kutiwa saini yoyote.