Shajara ya Kila Siku na Kidirisha Cheusi



Ukiulizwa sasa hivi uliandika nini katika daftari lako tarehe kama ya leo mwaka jana, utahitaji muda gani kukipata? Mimi niliulizwa swali la namna hiyo hadharani, chini ya mwembe, mbele ya majirani zangu hapa Uganda, nikakosa jibu. Afisa mmoja alikuwa amekuja kikaoni kutueleza kwamba hakuna aliyewahi kutuahidi visima viwili. Kwa maelezo yake, kilichozungumzwa kilikuwa kisima kimoja, tena Mungu akipenda. Nilijua kwamba siku ya ahadi nilikuwapo na kwamba niliandika. Lakini niliandika wapi? Nilikuwa na madaftari matatu yasiyo na tarehe za kuaminika, na simu mbili, moja ikiwa imekwisha kufa pamoja na yote yaliyokuwa ndani yake. Kikao kikafungwa, nami nikarudi nyumbani na hasira yangu.

Tangu siku ile nimeshika rai moja ambayo nataka kuitetea mbele yako. Kumbukumbu zako za kila siku ziweke katika faili za maandishi matupu, faili moja kwa siku moja, na uzisimamie kwa amri unazoziandika mwenyewe katika terminali, yaani kile kidirisha cheusi ambacho wengi hudhani kimetengewa wahandisi peke yao. Programu za simu zenye rangi za kupendeza sizikatai kwa chuki. Nazikataa kwa sababu nyingi kati yake huhifadhi maneno yako kwa namna ambayo ni zenyewe tu ziwezazo kuyasoma, na siku mwenye programu akiiacha, nawe umeachwa. Maandishi matupu husomeka katika kompyuta yoyote. Wala hayali nafasi: ukiandika maneno mia tatu kila siku, mwaka mzima hautajaza megabaiti moja.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Tengeneza folda uiite shajara. Kisha fungua faili iitwayo .bashrc, ambayo Bash, programu inayopokea amri zako, huisoma kila ianzapo, na uongeze mstari huu:

andika() { echo "$(date +%R) $*" >> ~/shajara/$(date +%F).txt; }

Umekwisha kuifundisha mashine kitenzi cha Kiswahili. Kuanzia hapo ukiandika neno "andika" likifuatwa na sentensi yako, sentensi hiyo itaingia katika faili ya siku hiyo pamoja na saa yake. Zitazame vizuri zile alama mbili, >>, kwani ndizo zinazoongeza maneno chini ya yaliyotangulia. Ukiweka moja tu, ya zamani yatafutwa bila kuulizwa, na mimi nimekwisha kupoteza Jumanne nzima kwa njia hiyo.

Kipande cha %F hutoa tarehe ikianza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, mfano 2025-03-04. Huu ni mpangilio wa kanuni ya kimataifa ISO 8601, iliyotolewa mwaka 1988, na faida yake huonekana mara moja: faili zikipangwa kwa majina, zimejipanga pia kwa wakati. Saa nayo hutoka kwa hesabu ya kizungu, 07:30 na si saa moja na nusu. Iache ilivyo pembeni, lakini ndani ya sentensi andika saa kwa Kiswahili. Wewe unayesema Kiganda hili halitakusumbua, kwa kuwa lugha yako nayo huanza kuhesabu saa asubuhi jua linapochomoza.

Ritifaa ndiyo iliyonisumbua mimi. Nilipoandika kwa mara ya kwanza habari ya ng'ombe walioingia shambani, terminali ilinyamaza ikanionyesha alama ya > tu, kana kwamba inangoja jambo. Ilikuwa inangoja kweli, maana ritifaa kwake ni nukuu iliyofunguliwa isifungwe. Tiba ni kuizingira sentensi nzima kwa alama za usemi:

andika "Ng'ombe wa jirani wameingia shambani"

Sasa nirudi kwenye visima. Baada ya kikao kile nilitumia jioni nyingi kunakili madaftari yangu yote katika faili, kila habari chini ya tarehe yake kadiri nilivyoweza kuithibitisha. Kisha nikatumia grep, amri ya kutafutia maneno ambayo Ken Thompson aliitunga katika Bell Labs, Marekani, mwaka 1973, na ambayo bado ni kali kama wembe. Niliandika grep kisima ~/shajara/*.txt nikapata mistari michache, yote ya malalamiko ya kawaida. Ahadi haikuwamo. Nusura niamini kwamba afisa yule alisema kweli na mimi ndiye niliyeota.

Kosa lilikuwa la sarufi. Siku ya ahadi niliandika "visima", na mashine haijui kwamba KI- na VI- ni ngeli moja yenye umoja na wingi. Nikajaribu kutafuta "sima" peke yake, nikaletewa kila msimamizi na kila aliyewahi kusimama. Mwishowe niliandika hivi:

grep "[kv]isima" ~/shajara/*.txt

Mabano ya mraba husema: herufi yoyote moja kati ya hizi. Mstari ukajitokeza pamoja na tarehe yake, idadi ya visima, na mahali vilipopaswa kuchimbwa.

Hii ndiyo sababu nakwambia kwamba wewe unayejifunza Kiswahili una haja na chombo hiki kuliko mwingine yeyote. Maneno yetu hubadilika mwanzo na mwisho, na mara nyingine hata konsonanti ya mwisho wa mzizi haisalimiki: kupenda huzaa mpenzi, kulinda huzaa mlinzi, kuandika huzaa mwandishi. Tafuta "pen[dz]" au "lin[dz]" katika kumbukumbu zako za miezi mitatu, na utaona ukoo mzima wa neno katika sentensi ulizozitunga wewe mwenyewe, pamoja na makosa yako ya Januari ambayo kufikia Machi umeyaacha.

Utaniambia huna kompyuta. Iwapo una simu ya Android, programu ya Termux hutolewa bure na amri zote nilizozitaja hufanya kazi ndani yake. Kama hata hiyo huna, daftari la karatasi lenye tarehe juu ya kila ukurasa ni bora kuliko kichwa kitupu. Nakuonya jambo moja tu: maandishi matupu husomwa na yeyote aliyeishika mashine yako. Siri za jirani usiziweke humo, na nakala ya folda iweke penginepo.

Nilipopata mstari wangu, niliandika barua. Katiba ya Uganda, ibara ya 41, humpa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2005 humpa afisa siku 21 za kujibu ombi. Nilipoipeleka barua niliandika amri hii ili nijue siku ya mwisho:

date -d "+21 days" +%F

Jibu lilifika siku ya kumi na tisa, likiwa na nakala ya bajeti. Visima viwili vilikuwa vimeandikwa humo. Kimoja kimekwisha kuchimbwa na maji yake tunayanywa. Cha pili bado, na kila mwisho wa mwezi huandika mstari mmoja kusema hivyo.