Kompyuta ya Mama haijafa

Mama yangu ni muuguzi mstaafu, na siku hizi ni katibu wa kikoba cha wanawake thelathini. Hisa, mikopo, marejesho na faini za wachelewaji, vyote viko kwenye laptop moja ya mtumba aliyonunua akiwa bado kazini. Mwaka jana mwezi wa kumi alinipigia usiku.

"Mwanangu, kompyuta inasema Windows yake imefika mwisho. Sasa hesabu za watu nitazifanyaje?"

Wazazi wengi mmeuona ujumbe huo. Kuanzia Oktoba 14, 2025 Microsoft waliacha kutoa bure maboresho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mfumo uliotoka mwaka 2015. Kompyuta inaendelea kuwaka na mafaili yako yapo. Tatizo ni kwamba tundu jipya la usalama likigundulika, halizibwi. Walitoa nafasi ya kujiandikisha kuongezewa muda hadi Oktoba 13, 2026. Windows 11 nayo ina masharti, ikiwamo kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni, na laptop nyingi za mtumba tunazonunua huku hazina sifa hizo.

Fundi alimpa Mama njia mbili: anunue nyingine, au ampigie Windows 11 "ya kukraki" kwa bei ya chakula cha siku mbili.

Dawa hiyo ya kukraki Mama alishainywa. Miaka mitatu nyuma fundi mwingine alimpigia Windows ya namna hiyo na kumzimia kinga ya virusi ili programu yake ikubali kuingia. Mwezi haukuisha, kila folda kwenye flash ikageuka kialama kisichofunguka, na orodha ya marejesho ya miezi minne ikapotea. Mwanachama mmoja alisema alishalipa mkopo wake wote, mwingine akasema hapana. Walikaa vikao viwili wakilinganisha vidaftari vya mkononi. Mama hakula vizuri wiki ile, maana katika kikoba hesabu ikipotea anayeonekana mwizi ni katibu.

Ndipo nikamwambia kuna njia ya tatu, Linux.

Mpwa wangu wa kidato cha tatu alicheka. "Ma'mdogo, hiyo si ya mahaka?" Fundi alisema ni ya seva, haifai nyumbani. Mwenzangu ofisini alitikisa kichwa: kitu cha bure kina kasoro. Mama mwenyewe aliuliza swali moja tu. "Nani anailipia?"

Mimi ni mwandishi wa afya, na maneno haya nimeyazoea. Ndiyo yanayosemwa kwenye foleni za zahanati kuhusu dawa za bure: eti hazina nguvu, na ile ya duka la dawa yenye boksi la kung'aa ndiyo inayotibu, hata kama ndani ni dawa ileile. Mtu akishalipa, anaamini.

Jibu la swali la Mama ni refu kidogo. Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland, alipoianzisha mwaka 1991, na akaruhusu yeyote kuichukua na kuiboresha. Leo wanaoiendeleza wengi wameajiriwa na kampuni kubwa zinazoitegemea. Simu yako ya Android, pengine hiyo unayosomea makala haya, kiini chake ni Linux. Kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani zimekuwa zikitumia Linux zote tangu Novemba 2017. Kwa hiyo Mama alikuwa anaitumia kila siku kutuma meseji za kikoba, ila hakujua jina lake.

Hata Kiswahili kilishafika huko mapema. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Nashangaa watu wachache wanaikumbuka.

Tulichagua Linux Mint, kwa sababu kitufe cha kuanzia kiko palepale chini kushoto na kwa sababu haisumbuki na RAM ya GB 4. Kwanza niliiwasha kutoka kwenye flash bila kugusa diski, Mama akaijaribu jioni nzima: Wi-Fi ikashika, sauti ikatoka, printa ya jirani ikachapa. Hatua hii usiiruke. Printa nyingine hukataa, na ni heri ujue kabla ya kufuta chochote. Kisha tukanakili mafaili yote kwenye flash mbili, moja ikabaki kwa mweka hazina.

Sitawadanganya kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Jedwali la Excel lilifunguka kwenye LibreOffice na hesabu zikatoka zilezile, ila barua ya Word tuliyoipeleka stesheneri ilifunguka mistari ikiwa imeruka na muhuri umehamia ukurasa wa pili. Sasa Mama anahifadhi kwa PDF kabla ya kupeleka kuchapa. Mpwa alinuna kwa sababu mchezo wake mmoja wa mpira haukukubali. Na kama mwanao anafundishwa Word na Excel zenyewe shuleni, au wewe unatumia programu ya uhasibu ya Windows pekee, usimwondolee mtoto au biashara chombo chake ili tu kuokoa hela. Mzazi anayetegemea Microsoft Family Safety kudhibiti saa za mtoto naye ajue kwamba Mint haiji na kitu kilichokamilika kama hicho.

Lakini maombi ya mkopo wa chuo, barua pepe, YouTube ya masomo na mikutano ya mtandaoni hufanyika ndani ya kivinjari, na kivinjari ni kilekile cha Firefox au Chrome. Kwa familia nyingi, hiyo ndiyo kompyuta yote.

Ninachoogopa mimi si Windows. Ni Windows isiyosasishwa. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kiliingia hospitali za umma za Uingereza kupitia kompyuta ambazo hazikuwekewa kiraka kilichokuwa kimetolewa miezi miwili kabla, na miadi ya wagonjwa inayokadiriwa kufika 19,000 ikaahirishwa. Kama laptop yako inakubali Windows 11 halali, iweke na uache maboresho yawe yanaingia. Hata Linux inayoachwa miaka bila kusasishwa inaoza.

Mama alichukua siku tisa kuacha kuita kila kitu "ile Windows mpya". Jumamosi iliyopita alifunga hesabu za robo mwaka, akachapa, akazisoma mbele ya wanachama thelathini. Baada ya kikao wawili wamenifuata na laptop zao mikononi. Nimewarudisha nyumbani wakalete kwanza flash za kunakilia mafaili.