AFYA YETU: Jino Limetoboka. Lizibwe au Ling'olewe?

Mtu akiumwa jino hukaa nalo. Husukutua maji ya chumvi. Hutafuna karafuu, maumivu yakapungua kidogo. Siku ya nne usiku halali. Asubuhi anafika kwa mganga ameshika shavu. Anasema, "Ling'oe!"

Wengi wetu tunajua njia hiyo moja tu. Lakini jino lililooza laweza kuzibwa. Mganga hukwangua sehemu iliyooza. Halafu hujaza tundu kwa dawa laini inayokauka na kuwa ngumu. Wala si lazima pawe na umeme. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, wataalamu walianza kuziba meno kwa vifaa vya mkono tu. Leo njia hiyo inatumika katika nchi nyingi. Mara nyingi haihitaji hata sindano ya ganzi.

Je, jino lako bado laweza kuzibwa? Angalia linavyouma. Kama linashtuka ukinywa maji baridi au ukila kitu kitamu, kisha maumivu yanakwisha upesi, wahi kuziba. Kama linauma lenyewe usiku bila kuguswa, uozo umekwisha fika ndani penye mshipa wa fahamu. Hapo kuziba juu tu hakufai. Ama utibiwe mzizi kwanza, kazi ya hospitali kubwa, na pengine utarudi huko mara kadhaa. Ama ling'olewe. Kwa mtu anayekaa mbali na mwenye fedha kidogo, kung'oa si aibu. Ila ajue kwamba meno ya jirani huanza kuinamia pengo. Shavu likivimba na homa ikipanda, nenda siku hiyo hiyo.

Kwa watoto kuna kosa moja linalotuponza. Mtoto akifika miaka 6 hivi, gego jipya huota nyuma ya meno ya utoto. Halingoji jino lolote lidondoke. Basi mzazi akiliona limetoboka husema, "Hilo ni la utoto, litaota jingine." Halitaota! Hilo ni jino la ukubwani, nalo huoza mapema. Mpeleke mtoto tundu likiwa bado dogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti.

Kabla ya safari, uliza zahanati yenu ni wapi wanaziba, wapi wanang'oa tu, na mganga wa meno yupo siku gani.