Chaki tunatengeneza, mwandiko tumeutupa

Kuna hoja inapendwa sana na vijana wenzangu wa mjini, hasa sisi tuliobahatika kupita chuo kikuu. Eti mwandiko mzuri ni mambo ya kizamani, mambo ya karani wa mkoloni. Siku hizi kuna kompyuta bwana, kuna simu, nani anahangaika na kalamu?

Haya, nakujibu. Mtoto wa Lalago anahangaika nayo. Mama wa Shishiyu anayeuza kipande cha shamba anaandikishana na mnunuzi kwa kalamu, mbele ya mtendaji wa kijiji. Pamba ikishatoka kwenye mizani kilo zinaandikwa, na hapo saba ikifanana na moja kuna mkulima atalia. Mtihani wa kidato cha nne, unaoamua nani anaendelea na nani anarudi kuchunga, majibu yake yanaandikwa kwa mkono. Nenda basi kamwambie msahihishaji kwamba mwandiko umepitwa na wakati!

Mimi linanikera zaidi kwa sababu ni mtu wa Maswa. Sisi ndio wilaya ya chaki. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012, na baadaye ukaja mpango wa kila wilaya kuwa na bidhaa yake: Meatu maziwa, Maswa chaki. Vijana wakaingia kazini, zikatoka Maswa Chalks. Safi sana, najivunia. Viongozi wakaja, wakapiga picha na maboksi, wakazungumzia ajira na mapato. Lakini jamani, chaki ni ya kuandikia. Ikifika ubaoni inaandika nini? Na mtoto anayenakili, daftari lake linasomeka au ni kuku kaparura?

Turudi kwa hao wanaosema ni ukoloni. Ule mwandiko wa herufi za kulala, zinazoshikana, wenye mikia na matumbo, umepewa jina la bamba la shaba. Mafundi wa Ulaya walikuwa wakichonga herufi kwenye bamba kwa kichuma chenye ncha kali, wanajaza wino kwenye mifereji, wanafuta wa juu, kisha wanakandamiza karatasi. Kurasa hizo ndizo wanafunzi walizokuwa wakiiga. George Bickham wa London alitoa mkusanyo mkubwa wa namna hiyo kati ya mwaka 1733 na 1741. Na mwandiko ule ulipendwa na makarani wa biashara, kwa sababu barua na hesabu za watu wa mbali lazima zisomeke. Urembo ulikuja na kazi.

Sasa sikiliza. Barua za Kiswahili za kutoka Kilwa, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ni za mwaka 1711. Zimehifadhiwa Goa, India, mpaka leo. Bickham alikuwa hajaanza kutoa kitabu chake. Huko Siyu, kisiwa cha Pate, wanakili walikuwa wakiandika misahafu kwa mkono na kuipamba kwa wino wa rangi. Kwa hiyo usiniambie kalamu safi tuliletewa na Mwingereza. Tulikuwa nayo. Tumeitupa wenyewe.

Tumeitupaje? Mwaka 2012 mtihani wa darasa la saba ukaanza kusahihishwa kwa mashine. Mtoto anapewa penseli, anasiliba vijumba: A, B, C, D, E. Mwaka huohuo nchi ikashtuka kusikia kwamba wapo maelfu waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza wasiojua kusoma wala kuandika. Serikali ikarudi kwenye KKK, mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukabadilishwa mwaka 2015. Vizuri. Lakini baada ya darasa la pili ni nani anayeangalia mkono wa mtoto?

Wala sidai mtoto wa Malampaka aandike kama Bickham. Haiwezekani hata akitaka. Mistari ile minene na myembamba inatoka kwenye nibu inayopanuka ukiikandamiza, wakati Bic inatoa unene uleule mwanzo hadi mwisho. Ninachodai ni mwandiko unaosomeka na ulionyooka, wenye heshima kwa atakayeusoma.

Najua pia matatizo. Mwalimu mmoja na watoto mia hawezi kukagua kila daftari. Mtoto anayeandikia magotini hawezi kunyoosha mstari. Ndiyo maana hili ni suala la madawati na walimu, siyo la urembo. Tunataka kipindi cha mwandiko mpaka darasa la saba. Tunataka mwalimu mtarajiwa apimwe ubaoni kabla ya kupewa cheti.

Maana ukweli ni huu: mwenye kompyuta na mashine ya kuchapia anaweza kuandika vibaya maisha yake yote na asidhurike. Mwandiko mbovu wa daktari tunaufanyia utani. Mwandiko mbovu wa mtoto wa mkulima tunauita ujinga, na tunamkata alama. Anayesema kalamu imepitwa na wakati anazungumza kwa niaba ya nani? Siyo kwa niaba ya Maswa.

Naomba kutoa hoja.