Oakland Haikubebwa na Wapigaji Peke Yao
Kitabu cha Michael Lewis kiitwacho Moneyball, kilichotolewa mwaka 2003, kimewaachia wasomaji wengi imani kwamba timu ya besiboli ya Oakland Athletics, iliyoshinda michezo 103 mwaka 2002 kwa mishahara ya takriban dola milioni 40, ilibebwa na wapigaji wasiothaminiwa sokoni, waliobainiwa kwa takwimu. Imani hiyo inaruka kiini cha jambo. Barry Zito, Mark Mulder na Tim Hudson, ambao ni warushaji, yaani wachezaji wanaomrushia mpigaji mpira kwa nia ya kumtoa, walihesabiwa ushindi 57 kati ya hiyo 103, na Zito akatunukiwa Cy Young, tuzo ya mrushaji bora wa ligi.

Unafuu wa mishahara yao haukutokana na ujanja huo wa takwimu, bali na kanuni inayomfunga mchezaji kwa timu iliyomteua akiwa kijana mpaka atimize miaka sita ya utumishi katika ligi kuu, ndipo awe huru kujiuza kwa amtakaye. Mulder aliteuliwa wa pili nchini kote mwaka 1998. Hakuwa lulu iliyofichika. Ni kweli kwamba Lewis anampa nafasi kubwa Chad Bradford, aliyerusha mpira mkono ukikaribia kugusa ardhi, lakini huyo alikuwa mrushaji wa akiba, ambaye hubeba sehemu ndogo tu ya msimu.

Muda wa Zito ulipokwisha, San Francisco Giants ilimpa mkataba wa miaka saba wa dola milioni 126, fedha ambazo Oakland haikuwa nazo.