Mfuko wa vifaranga uandikwe tarehe

Mwenye kiwanja kidogo Ukonga, Majohe au Gongo la Mboto akitaka kufuga samaki, ushauri wa kwanza anaoupata ni wa bwawa: kina, turubai, pampu. Kisha hutajiwa bei ya kilo ya kambale siku ya kuvua. Katikati hapo kuna majuma matatu ambayo hayazungumzwi, nayo ndiyo yanayoamua kama kutakuwa na cha kuvua.

Mtazame kambale. Katika maji yenye joto kama ya Dar es Salaam, yai lake huanguliwa ndani ya saa 24 hadi 36. Anayetoka ana urefu wa milimita tano hivi, mwembamba kama kipande cha uzi, na tumboni amebeba mfuko wa kiini cha yai. Hicho ndicho chakula chake cha siku tatu hivi. Kiini kikiisha lazima ale, lakini tumbo lake bado halijakomaa kusaga pumba wala unga wa dagaa. Anahitaji vijidudu hai, wale wanaozaliana kwenye maji yaliyorutubishwa kwa samadi siku kadhaa kabla, au artemia walioanguliwa kwenye maji ya chumvi. Apewe kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Akishinda njaa siku chache anadhoofika, na hata chakula kikija hana tena nguvu ya kukifuata.

Kambale mkubwa anasifiwa kwa kuvumilia tope kwa sababu hupanda juu kuvuta hewa. Mtoto wake hawezi. Kiungo cha kuvutia hewa huanza kumsaidia akiwa na majuma mawili au matatu. Kabla ya hapo anategemea oksijeni iliyomo majini peke yake. Kumwaga vifaranga wa siku chache kwenye maji ya kisima yaliyovutwa sasa hivi, ambayo mara nyingi yana oksijeni kidogo, au maji ya bomba yenye klorini, ni kuwaua. Maji yakae wazi siku moja au mbili na yapigwe hewa kwanza. Vifaranga nao wachambuliwe kwa ukubwa mara kwa mara, maana aliyetangulia kukua humla mwenzake.

Sato ana nafuu: mama huwalea kinywani mpaka kiini kiishe. Lakini anayenunua "madume tupu" ajue kwamba kazi hiyo hufanywa kwa chakula chenye homoni tangu kifaranga anapoanza kula, kwa majuma matatu au manne. Ikichelewa, majike watabaki, watazaliana, na bwawa litajaa samaki wadogo wasiouzika.

Yote haya hayaonekani kwenye mfuko wa plastiki uliojazwa oksijeni. Mnunuzi anauziwa idadi, na idadi haimwambii kitu. Tunaitaka Wizara ya Mifugo na Uvuvi ilazimishe kila mfuko wa vifaranga uandikwe tarehe ya kuanguliwa, chakula walichoanzishiwa na, kwa sato, kama wamepewa homoni na kwa siku ngapi. Gharama yake ni kipande cha karatasi.

Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam nayo iwe na tangi la kulelea vifaranga huku pembezoni, chini ya afisa uvuvi, ili mfugaji mdogo anunue samaki aliyekwishavuka majuma hayo. Ujuzi haukosekani nchini: kituo cha Serikali cha Kingolwira, Morogoro, kimekuwa kikizalisha vifaranga kwa miaka mingi.

Nawe msomaji unayejiandaa kununua, usianze na bei. Uliza wameanguliwa lini na wamekula nini. Muuzaji akishindwa kujibu, mwachie mfuko wake.